Kura Tatu na Mto Mmoja

Neno kura tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka halikuwa na maana ya uchaguzi. Lilikuwa jina la kuamua kwa bahati: kijiti kinachochomolewa bila kutazamwa, kokoto linalotiwa chunguni pamoja na makokoto mengine. Waliosoma visa vya Mitume wanamkumbuka Nabii Yunus ndani ya jahazi lililozidiwa, na waliosoma Matendo ya Mitume wanamkumbuka Mathiya aliyepatikana kwa kura akashika nafasi ya Yuda. Kwetu Mikindani nimewaona wavuvi wakigawana samaki kwa njia hiyo hiyo. Mafungu hupangwa mchangani, kila baharia hutoa kitu chake kidogo, huyu ganda la kome, yule kijiti, yule kifungo cha shati, kisha huitwa mtoto asiyejua kipi ni cha nani akaviweka juu ya mafungu, kila kimoja pake. Hapana anayelalamika, kwa kuwa hapana aliyechagua.

Basi ulipofika wakati wa watu wa pwani hii kuambiwa kwamba wataweza kumchagua mtu kwa hiari yao, lugha haikuunda neno jipya. Ililichukua neno la bahati ikalivika kazi ya hiari. Mimi ni mtu wa kutafsiri, na kwa desturi ya kazi yangu huyapima maneno kabla ya kuyatumia. Na kila nikilipima hili huona kwamba halikukosea sana. Nani atakayeitwa achague, na nani ataachwa nje ya mlango, jambo hilo kwa kizazi cha babu zetu lilikuwa la bahati kweli kweli: umezaliwa ng'ambo ipi ya mto, umesomeshwa na nani, na kwa herufi zipi.

Nataka kusema habari za uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ule ulioitwa wa kura tatu. Wasomaji wa visiwani wanazo chaguzi zao za miaka ile, nao wamezitungia na kuzililia. Hizi zetu za kusini ya bara hazina masimulizi mengi. Baraza lenyewe lilikuwapo tangu mwaka 1926, lakini kwa miaka kumi na tisa halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945, nao waliteuliwa na Gavana. Aliyeteuliwa aliitwa mjumbe, na msomaji wa pwani halisikii neno hilo bila kuukumbuka ukoo wake wa karibu, yaani jumbe: mkubwa wa kijiji aliyewekwa na Wajerumani chini ya akida, akawa wa kupeleka amri chini na kodi juu. Mjumbe ni mtu anayetumwa. Swali lilikuwa anatumwa na nani.

Na tazama neno kutunga. Baraza la kutunga sheria, mtunzi wa mashairi: kitenzi ni kimoja. Hutungwa shanga, hutungwa samaki kwenye ukambaa, hutungwa utenzi, hutungwa sheria. Katika Kiingereza mshairi na mbunge hawakutani katika neno lolote. Katika Kiswahili wameketi mkeka mmoja. Nalo neno baraza, kabla ya kuwa jumba la serikali, ni ile sakafu iliyoinuliwa mbele ya nyumba, ambapo mpita njia huketi akapewa maji ya kunywa bila ya kuulizwa kipato chake kwa mwaka.

Katika uchaguzi wa kwanza kipato kiliulizwa. Mpiga kura alitakiwa awe ametimiza miaka 21, awe mkaazi wa nchi kwa muda uliowekwa, kisha awe na mojawapo ya mambo matatu: mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au cheo miongoni mwa vyeo vilivyotajwa na sheria. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 8 na laki 7 kwa hesabu ya mwaka 1957. Walioandikishwa, awamu zote mbili zikijumlishwa, hawakufika 60,000.

Nchi iligawanywa katika majimbo kumi ya uchaguzi, na kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Mpiga kura hakuruhusiwa kumchagua wa kwake akaondoka. Ilimlazimu atie alama tatu, moja kwa kila rangi, na karatasi iliyopungua alama iliharibika. Kwa wasomaji wa ukurasa huu sina haja ya kueleza zaidi: karatasi ya alama mbili ilikuwa guni. Tofauti ni kwamba kanuni ya vina na mizani tuliirithi kwa wakubwa wetu, na hii ilishushwa kutoka nyumba ya Gavana, Sir Edward Twining, ambaye pia alikitia moyo chama cha UTP kilichoanzishwa mwaka 1956 ili kishindane na TANU. Hesabu yake ni rahisi kuifahamu. Wazungu na Waasia walikuwa sehemu ndogo mno ya watu wa nchi, lakini wangepata theluthi mbili ya viti.

TANU ilikutana Tabora mwezi wa Januari 1958, na wajumbe wengi walikwenda wakiwa na nia ya kuususia uchaguzi huo. Nyerere akawageuza. Aliwashawishi kwamba kuingia ndani ya nyumba mbovu ni bora kuliko kusimama nje mvuani ukiwaachia wengine wakalala humo. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaunda chama chake, African National Congress. Uamuzi wa Tabora tangu hapo huitwa Uamuzi wa Busara, na sina ugomvi na jina hilo, ila natambua kwamba uamuzi hupata jina la busara baada ya kufaulu. Lau ungeshindwa, bila shaka lugha ingelipata jina jingine. Mtemvu hakusema upuuzi. Alisema jambo ambalo kila mtu wa kijijini alikuwa akilihisi, kwamba si haki mtu kulazimishwa kumchagulia mwenzake kabla ya kuruhusiwa kujichagulia mwenyewe. Na kushindwa kwake vibaya hakukulifanya jambo hilo kuwa uwongo.

Ilivyotokea inajulikana. Awamu ya kwanza ilikuwa Septemba 1958, ya pili Februari 1959, na Jimbo la Kusini lilikuwa katika awamu ya pili. Wagombea wa TANU na wale waliokubaliwa nayo, wakiwamo Waasia na Wazungu, waliyafagia majimbo ya awamu ya kwanza. Mtego uliotegwa kwa kura tatu ukamnasa aliyeutega, kwa sababu Mzungu na Mwasia waliotaka kuingia Barazani sasa waliihitaji kura ya Mwafrika. Ilipofika zamu ya kusini UTP ilikuwa hoi, na viti vingi vya awamu hiyo vilipita bila kupingwa. Mmoja wa walioshinda mwaka 1958, Bibi Sophia Mustafa wa Jimbo la Kaskazini, aliandika kitabu juu ya mambo hayo, The Tanganyika Way, kilichotoka mwaka 1961. Ni kitabu cha mtu aliyekuwamo, si cha mtazamaji, na hadi leo sijakiona katika Kiswahili. Ninalitaja hili kwa watafsiri vijana wanaolalamika kwamba kazi zimekwisha.

Jimbo la Kusini la wakati huo lilianza pwani ya Kilwa, likashuka Lindi na Mikindani hadi mlango wa Ruvuma, kisha likaelekea magharibi, Newala, Masasi, Tunduru, Songea, mpaka maji ya Ziwa Nyasa. Mtu wa Msimbati na mtu wa Mbamba Bay walikuwa jimbo moja la uchaguzi, na wote wawili walitakiwa kuwajua watu watatu wale wale. Sikupata kuona ajabu ya jambo hili mpaka siku nilipotafsiri, kwa ajili ya mwalimu mmoja rafiki yangu, kurasa kadhaa juu ya chaguzi za Congress ya Marekani katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Nilidhani nitakutana na mambo ya ugenini. Nilikutana na Jimbo la Kusini. Kule nako kila dola ilichagua kwa tarehe yake. Kule nako baadhi ya dola, New Jersey ikiwamo kwa miaka mingi, hazikugawanywa katika majimbo, bali kila mpiga kura aliandika majina ya wajumbe wote wa dola nzima. Na si mpaka sheria ya mwaka 1842 ndipo Congress ilipotaka kila mjumbe awe na jimbo lake. Na pauni zilikuwapo. Katiba ya New Jersey ya mwaka 1776 ilimpa kura kila mkaazi mwenye mali ya pauni 50, bila kutaja mume wala mke, mweupe wala mweusi. Wajane na wanawake wasioolewa wenye mali walipiga kura huko kwa miaka mingi, na watu weusi walio huru vilevile, hadi sheria ya mwaka 1807 ilipowafungia mlango, ikasema kura ni ya mwanamume mweupe. Nilizitafsiri kurasa zile usiku mbili, na la 1807 lilinikaa moyoni kuliko yote. Sisi tumezoea kudhani kwamba mlango wa kura ukishafunguka hupanuka tu. Kumbe waweza kufunguka, watu wakapita miaka thelathini, kisha ukafungwa nyuma yao.

Nirudi Mikindani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo. Alisomesha watoto Kurani barazani pake, aliandika barua za watu, aliandika mikataba ya kuuziana minazi, alinakili tenzi kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu, na yeye mwenyewe alitunga. Watu wenye neno zito la kumwandikia jamaa wa Kilwa au wa Unguja walikuja kwake, wakaeleza kwa vurugu, wakaondoka na karatasi iliyonyooka. Kwa mizani ya sheria ya uchaguzi mtu huyu hakuwa na elimu. Darasa la nane hakulikaribia. Darasa lake lilikuwa mkeka na ubao wa wino. Mapato yake yalikuwa ada ya Alhamisi, samaki, mpunga wakati wa mavuno, na nazi. Nani angezigeuza nazi kuwa pauni 150? Na cheo hakuwa nacho, kwa kuwa heshima si cheo.

Lakini mmoja wa wanafunzi wake, baada ya chuo, alipelekwa skuli akaendelea mpaka akapata kazi ya ukarani katika bandari ya Mtwara. Bandari ile ilikuwa mpya. Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, wakatandika na reli hadi Nachingwea, na karanga zenyewe zikakataa. Mradi ukavunjwa mwaka 1951, bandari ikabaki na kina chake kirefu ikisubiri meli. Karani huyu, aliyefundishwa alifu na babu yangu, aliandikishwa kuwa mpiga kura. Mama alinisimulia kwamba siku alipoandikishwa alikuja barazani kwa mwalimu wake, akavua viatu, akaketi, na kwa muda mrefu hakusema. Kisha akamwomba radhi. Babu alicheka. Alimwambia, "Mwanangu, wewe nenda. Ila kabla ya kwenda njoo unambie majina yao, tuyasome pamoja."

Basi ndivyo walivyofanya, na si wao tu. Historia iliyoandikwa huwahesabu wale 60,000 kasoro kana kwamba wao ndio waliochagua. Nyumba zetu zinasimulia vingine. Mwenye kura alikuwa na nyumba iliyomlea, mtaa uliomtazama, na mwalimu aliyemfundisha. Wasiokuwa na kura ndio walionunua kadi za TANU kwa senti zao, ndio waliochanga nauli za wasemaji. Bibi yangu alikuwa katika chama cha ngoma. Kule Dar es Salaam Bibi Titi Mohamed alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1955 kwamba vyama vya ngoma vya wanawake vina daftari, vina mweka hazina, vina nidhamu, na vinaweza kuigeuza Tanganyika. Na habari hiyo ilishuka pwani yote. Bibi hakuwa na darasa, hakuwa na pauni, hakuwa na cheo. Alikuwa na sauti, na alijua ni nyumba gani ina kijana aliyefika darasa la nane.

Na washairi nao hawakuwa kando. Saadani Kandoro, mmoja wa walioianzisha TANU mwaka 1954, alikuwa mshairi kabla na baada ya kuwa mwanasiasa, na magazeti ya wakati ule, Mambo Leo tangu 1923 na Mwafrika tangu 1957, yalibeba beti za watu kama tunavyobeba sisi. Mtu aliyekatazwa kuitunga sheria hakukatazwa kulitunga shairi, na aghalabu alichokosa mlango wa mbele alikipitisha huko.

Niliwahi kujaribu kulisema jambo la babu kwa shairi. Beti nyingine nimezitupa, nimebakisha hii:

Haki haipimwi mali, wala darasa la nane,
Mzee mwenye akili, vipi kura asione?
Mwanafunzi wa awali, aitwe yeye anene!
Mto umekata mbali, ndugu wasisikizane.

Rafiki aliyeisoma aliniuliza mto umeingiaje humo. Nilimjibu kwamba kwetu mto huingia katika kila jambo.

Bibi yangu alizaliwa Kionga. Ramani za leo huandika Quionga, nao ni mji mdogo kusini ya mlango wa Ruvuma, upande wa Msumbiji. Lakini Wajerumani walikuwa wameitwaa pembe ile ya nchi mwaka 1894, wakaitawala pamoja na Mikindani na Lindi, hata ikawa mtu wa Kionga na mtu wa Msimbati ni raia wa bendera moja. Mwaka 1916, katika vita, Wareno wakaichukua, na baada ya vita mapatano ya 1919 yakawathibitishia. Pembe ile ni ndogo. Mwenda kwa mguu aweza kuijua yote kwa siku chache. Kwa ajili yake tu, bibi aliyeolewa Mikindani akawa mtu wa Tanganyika, na kaka yake aliyebaki na minazi ya baba yao akawa mtu wa Mreno.

Maji ya mlango wa Ruvuma hayajui habari hiyo. Mchanga huhama kila masika, visiwa vya mikoko huzaliwa na kufa, na wavuvi wa pande zote mbili hupishana kama watu wa mtaa mmoja. Wamakonde wako Newala na wako Mueda. Wamakua wako Masasi na wako ng'ambo. Katika miaka ile ya hamsini watu wengi walivuka kuja kukata mkonge katika mashamba ya huku. Walilipa kodi huku, walizaa huku, lakini sheria ya ukaazi na ya pauni na ya darasa ilikuwa imewapita mbali kuliko ilivyompita babu.

Mwaka huo huo wa 1959, wakati sisi tukipimwa kwa pauni, kulikuwa na mtu mmoja pwani hii ambaye hakuhitaji kura hata moja. Mzee wa Kiingereza, Latham Leslie-Moore, aliyestaafu na kujijengea makao Msimbati, alijitangazia usultani wake. Hakushauriana na wenye minazi wala wenye nyavu. Aliutangaza Msimbati kuwa nchi yake huru, na mchezo huo ulidumu hadi mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilipoukomesha. Wazee wa huko huusimulia wakicheka, na mimi hucheka nao, ingawa kicheko changu hakifiki mbali: mtu aliyekuwa na uwezo wa kujipa ufalme bila kuulizwa darasa lake, na mtu mwenye vitabu arubaini vya khati ya mkono wake aliyeulizwa, walikuwa wakitembea katika ufuo mmoja.

Ng'ambo ya mto hawakuwa na la kuchekea. Tarehe 16 Juni 1960 watu wengi walikusanyika Mueda, katika nyanda za juu zinazotazamana na Newala, mbele ya ofisi ya Mreno. Miongoni mwa waliokwenda kusema kwa niaba yao walikuwa Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, watu waliokuwa wamekaa Tanganyika na kuona kwamba huku mambo yanasemeka. Walikamatwa; watu wakakataa kuwaachilia waondoshwe; askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Siku sabini na tano baadaye, tarehe 30 Agosti 1960, Tanganyika ikafanya uchaguzi wake wa pili. Sharti la pauni 150 lilikuwa limeshuka kuwa 75, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha. Walioandikishwa walikaribia laki tisa. Watu wale wale, lugha zile zile, mto ule ule katikati, na miezi miwili na nusu.

Lakini hata huku furaha ile ilikuwa na kasoro yake, na sioni faida ya kuificha. Kati ya viti 71 vya mwaka 1960, viti 58 vilipita bila kupingwa. Ni 13 tu vilivyogombewa, na TANU ilishinda vyote isipokuwa kimoja cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwanachama wake mwenyewe aliyesimama peke yake, alimshinda mgombea wa chama. Kwa hiyo wengi katika wale laki tisa walipata haki ya kura wasipate kura yenyewe. Waliandikishwa, wakasubiri, wakaambiwa kazi imekwisha. Watu wa Unguja na Pemba watanisamehe nikisema kwamba waliponea wapi na wapi waliumia havikuwa sawa na kwetu: kwao, Januari 1961, kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja, vyama vikafungana kumi na moja kwa kumi na moja Barazani, na uchaguzi wa marudio mwezi wa Juni ukamwaga damu. Visiwani kura moja ilikuwa nzito kupita kiasi. Kusini ya bara kura elfu nyingi hazikuwekwa mizanini. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili linalomfundisha mtu kuheshimu kura. Najua kwamba maneno "kupita bila kupingwa" yamebaki katika lugha yetu ya siasa, na katika uchaguzi wa mwaka 2020 wagombea ubunge kadhaa walipita hivyo hivyo, na yalisemwa redioni kwa sauti ya kawaida kabisa, kama habari za mvua.

Babu na bibi walipiga kura yao ya kwanza tarehe 1 Novemba 1962, katika uchaguzi wa Rais, ambapo kila mtu mzima aliruhusiwa. Nyerere alipata kura 1,127,978 na Mtemvu, yule wa Tabora, 21,276. Mama anakumbuka kwamba babu alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi, na akafunga chuo siku hiyo. Kuhusu nani alimpigia hakusema kamwe, hata alipoulizwa na mkewe, na bibi aliudhika kwa hilo kwa muda wa wiki nzima, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha kumwambia lake kabla ya kufika nyumbani.

Kaka yake bibi aliingoja zamu yake upande wa pili. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita vya uhuru vikaanza 1964, uhuru ukaja 1975, kisha vita vingine vya wenyewe kwa wenyewe vikala miaka kumi na sita. Katika muda huo mto ulivukwa zaidi kwa kukimbia kuliko kwa kutembeleana. Nilimwona mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka 1995, alipoletwa na ngalawa mpaka Msimbati na kutoka huko kwa gari hadi Mikindani kumzuru dada yake, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kupotea. Msumbiji ilikuwa imefanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi mwezi wa Oktoba uliotangulia, na yeye, kwa umri ambao hakuujua sawasawa, alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri.

Bibi hakumuuliza nani alishinda. Alimuuliza alipewa karatasi ngapi.

"Mbili," alisema. "Moja ya Rais, moja ya Bunge."

"Na walikuuliza umesoma wapi?"

"Hawakuniuliza. Walinitia wino kidoleni."

Bibi akamwomba mkono, akakipapasa kidole kimoja kimoja akikitafuta kile chenye wino, ingawa ilikuwa imepita miezi mitatu.

"Ni hiki?"

"Hicho cha pili."

Akakishika.